Neema Haikuishia Siku Ulipookoka

Bwana asifiwe, wapendwa.

Somo nililopewa ni kukua kiroho. Nilipokaa kuliandaa niliona siwezi kuligusa kabla sijarudi nyuma kwenye habari ya kuokolewa. Nadhani wengi wetu tumedumaa kwa sababu ya jambo lililoharibika mapema sana, pale tulipoamini kwamba neema ni ya siku ya kuokoka, na siku zote zinazofuata ni za kujikaza.

Tufungue Wagalatia sura ya 3. Paulo amehubiri Galatia, watu wameamini, wamepokea Roho, naye ameondoka. Nyuma yake wamekuja walimu wengine. Hao hawakusema Yesu hafai. Walisema Yesu ni mwanzo mzuri, sasa tahiriwa, shika siku na miezi, ndipo uwe mtu kamili mbele za Mungu. Barua nyingi za Paulo kwa makanisa huanza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya wasomaji. Hata Wakorintho, waliopelekana mahakamani na kulewa kwenye chakula cha Bwana, aliwashukuria. Wagalatia hawakupata shukrani hata mstari mmoja. Anawasalimu, kisha anasema anastaajabu. Kwa hiyo kuna kosa ambalo kwake lilikuwa zito kuliko ulevi wa Korintho, na kosa hilo lilivaa nguo za bidii ya dini.

Sikilizeni anavyouliza: "Je! Mmekuwa wajinga namna hii? Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Hilo swali ndilo somo langu lote la leo. Mengine nitakayosema ni kulizunguka tu.

Waefeso 2:8 tunaijua. Ukimwamsha muumini usiku wa manane ataisema bila kukosea: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Amina. Sasa mtazame anavyoishi. Anaishi kama mtu aliyekopeshwa. Alipookoka alipewa mtaji, na tangu hapo analipa marejesho: mkesha huu, mfungo ule, zamu ya kwaya, sadaka ya shukrani. Wiki aliyolipa vizuri anaomba kwa sauti ya juu. Wiki aliyochelewesha anamkwepa Mungu, kama mdaiwa anavyokata kona akimwona mdai wake anakuja kwa mbele. Hakuna aliyemfundisha hivyo mimbarani. Kaingia humo mwenyewe, polepole, na kwa nia njema kabisa.

Mtu ataniuliza, kuna ubaya gani kurudisha kidogo kwa Mungu aliyenitendea makuu? Kumshukuru hakuna ubaya. Lakini kipawa kikianza kulipiwa, aliyekitoa amegeuka kuwa muuzaji, na wewe umepata haki ya kulalamika bei. Ndiyo maana kuna watu waliotumika kanisani miaka mingi na mioyo yao imejaa manung'uniko. Wanafunga, wanatoa, wanaamka alfajiri, na kila wakiona mwingine amebarikiwa wanauliza: mimi je, na yote niliyofanya? Yule ndugu mkubwa wa mwana mpotevu katika Luka 15 alisema hivyo hivyo. Alikuwa hajatoka nyumbani hata siku moja, na bado alijihesabu mtumishi anayesubiri ujira.

Halafu rudini Waefeso 2, someni na mstari wa 10, ambao tunapenda kuuacha nje: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Hata hayo matendo tunayotaka kumlipa nayo, aliyeyatengeneza ni yeye. Tunatoa mfukoni mwake, tunaweka mkononi mwake, halafu tunadai risiti.

Niwaonyeshe kwa karibu jinsi jambo hili linavyotokea, kwa sababu tukizungumza juu juu kila mtu atadhani ninamsema jirani yake. Muumini ameanguka Jumatatu usiku. Labda amemtolea mwenzake maneno ya kumdhalilisha mbele ya watoto. Labda amefungua kwenye simu kitu alichojua hapaswi kukifungua. Jumanne asubuhi haombi. Muda anao, ila anaona aibu. Anajiambia: ngoja kwanza nitulie, nipate siku mbili tatu zilizo safi, ndipo niende mbele za Bwana nikiwa na uso. Jumatano anasoma sura tano za Biblia kwa mkupuo. Alhamisi anafunga mpaka jioni. Ijumaa anaanza kujisikia amerudi, na Jumapili anaimba amefumba macho na mikono iko juu. Muulize, ndugu, umesafishwa na nini? Atakujibu bila kusita: damu ya Yesu. Mdomo umesema kweli. Lakini kilichompa ujasiri wa kuinua mikono ni zile siku tatu.

Sasa linganisha na Waebrania 4:16: "Basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupewe rehema, na kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji yetu." Wakati wa mahitaji ni ule ule wa Jumatatu usiku, simu ikiwa bado mkononi, watoto wakiwa bado wanalia chumbani. Ukingoja mpaka uhitaji upite ndipo uende, unakwenda kufanya nini huko? Kiti kile kiliwekwa kwa ajili ya wahitaji. Aliyejisafisha mwenyewe hana shughuli nacho.

Nataka tukae kidogo na Petro, maana katika Agano Jipya sijaona mtu ambaye kukua kwake tumeonyeshwa wazi hivi, pamoja na aibu zake.

Usiku ule aliokamatwa, kabla jogoo hajawika, Yesu alimwambia: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike; nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Angalieni mpangilio wa mambo hapo. Maombi yalitangulia anguko. Kazi ya kuwaimarisha ndugu alipewa kabla hajakana, na aliyempa alijua kabisa kwamba atakana. Petro mwenyewe hakusikia neno hata moja. Alikuwa na haraka ya kueleza jinsi alivyo tayari kwenda gerezani na hata kufa.

Saa chache baadaye yuko uani kwa Kuhani Mkuu. Kuna baridi. Watumwa na watumishi wamewasha moto wa makaa, naye amesimama nao anaota moto. Hapo hapo anamkana Bwana wake mara tatu.

Yohana anautaja tena moto wa makaa katika sura ya 21, ufuoni, baada ya ufufuo. Safari hii aliyeuwasha ni Yesu. Juu yake pana samaki, na mkate upo. Wavuvi wamekesha, wamelowa, na Petro amejitupa majini kwa kutaka kufika wa kwanza. Ningekuwa mimi ndiye niliyekanwa, ningeanza na mazungumzo, kisha chakula kama mazungumzo yameenda vizuri. Yesu akasema, "Njoni mfungue kinywa." Walikula kwanza. Petro alipokea samaki na mkate kutoka mkononi mwa yule yule ambaye yeye Petro alikuwa amemkana, na bado lile jambo lilikuwa halijazungumzwa. Walipokwisha kula ndipo swali likaja, na halikuwa "Je, utarudia tena?" Liliulizwa mara tatu: wanipenda? Na kila alipojibu alikabidhiwa kondoo.

Baada ya hapo mnajua yaliyofuata. Pentekoste, elfu tatu wakaongezeka. Kilema akasimama pale mlangoni pa hekalu. Nyumbani kwa Kornelio, yule akida wa Kirumi, Petro akakubali kwamba Mungu hana upendeleo, akala na watu ambao tangu utoto alifundishwa asikae nao mezani. Mtu akifika hapo unaweza kusema huyu sasa amekomaa, tumwache.

Kisha tunafika Antiokia, Wagalatia 2. Petro anakula pamoja na Wakristo wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kila kitu shwari. Wakaja watu waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Petro akaanza kujitenga, kidogo kidogo, kwa sababu aliwaogopa. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa na unafiki wao. Jaribuni kuiona meza ile. Chakula ni kile kile, watu wa Mataifa wamekaa pale pale walipokaa jana, na upande wa pili viti viko wazi. Hakuna aliyewatukana. Hakuna aliyehubiri kwamba hawajaokoka. Lakini wameelewa.

Paulo alikuwa na mengi ya kumwambia Petro. Angeweza kumwita mwoga, na asingekosea. Angeweza kumwambia ajitahidi zaidi kuwapenda watu. Alichosema ni kwamba hawaendi "sawasawa na ile kweli ya Injili." Yaani ule udhaifu wa mezani aliufuatilia mpaka kwenye chanzo chake, na chanzo kilikuwa Injili iliyosahauliwa kwa muda. Mtu aliyelishwa samaki na mkate kando ya moto, bila kustahili, na aliyemwalika hakumuuliza lolote kwanza, leo anachagua nani anafaa kula naye. Kilichompungukia pale hakikuwa nguvu. Alikuwa ametoka kwenye kumbukumbu ya jinsi yeye mwenyewe alivyopokelewa.

Sasa nendeni 2 Petro sura ya 1. Huyu huyu Petro, akiwa mzee, anaandika habari za kukua. Anaanza kwa kusema kwamba uweza wa Mungu umetukirimia vitu vyote vipasavyo uzima na utauwa. Kisha anatuhimiza tujitahidi sana: katika imani tutie wema, katika wema maarifa, kisha kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, upendo. Kwa hiyo wanaosema neema haitaki juhudi hawajamsoma Petro. Lakini mstari wa 9 ndio ulionishika. Anamzungumzia mtu ambaye hayo yote hayaonekani kwake, mtu ambaye miaka inapita na yuko pale pale. Tungetarajia aseme huyo ni mvivu, au hasomi Neno, au hajafunga vya kutosha. Anasema "ni kipofu, hawezi kuona vitu vilivyo mbali, amesahau kule kutakaswa dhambi zake za zamani."

Amesahau! Hiyo ndiyo hukumu ya daktari mzee ambaye ugonjwa wenyewe aliwahi kuuugua. Kudumaa kwa Mkristo, kwa Petro, kunaanzia kwenye kusahau msamaha. Ndiyo maana sikubaliani na mafundisho yanayoiweka Injili darasa la wachanga, eti ukishaokoka unahitimu, unahamia mambo mazito. Hakuna zito kuliko hilo. Kila siku utakayoishi utarudi hapo.

Natoka kwenye Maandiko kidogo, niende kwenye historia. Wimbo wa "Neema ya ajabu" mmeuimba. Aliyeuandika, John Newton, alizaliwa London mwaka 1725, akawa baharia. Machi 1748 meli aliyokuwamo ilipigwa na dhoruba karibu kuzama, akamlilia Mungu, na maisha yake yote aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa kuongoka kwake. Ushuhuda wa kanisani huwa unaishia hapo, watu wanasema haleluya.

Lakini angalieni kilichofuata. Baada ya dhoruba ile Newton alirudi baharini katika biashara ya watumwa, na kuanzia mwaka 1750 akawa nahodha wa meli zilizobeba Waafrika kuvuka Atlantiki. Alikuwa anasoma Biblia. Alikuwa anaomba. Siku za Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika ibada, na chini ya zile mbao walizosimama kuabudu walilala watu kwenye minyororo. Aliacha ubaharia mwaka 1754, na kilichomwachisha ni ugonjwa uliomwangusha ghafla, maana dhamiri ilikuwa bado haijamsumbua kiasi hicho. Akawa mchungaji mwaka 1764. Wimbo wenyewe ulitumika kwanza katika ibada ya Mwaka Mpya wa 1773. Kijitabu chake cha kuipinga biashara ile kwa uwazi, akikiri yale aliyoyaona na kuyafanya, kilitoka mwaka 1788. Hesabuni wenyewe: tangu dhoruba mpaka kijitabu ni miaka arobaini. Aliishi hadi Desemba 1807, na mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kuipiga marufuku biashara hiyo.

Kuna wanaosikia habari hii wakasema basi hakuokoka kweli. Mimi siwezi kukaa kwenye kiti hicho cha hukumu. Wengine wanasema, ona, Mungu ni mvumilivu, hata mimi nitafika taratibu. Hao ndio wananitia hofu zaidi. Ni kweli Mungu alimvumilia Newton. Lakini waliokuwa chini ya mbao zile hawakuwa na miaka arobaini ya kumsubiri. Uchanga wako wa kiroho kuna watu wanaulipia gharama, kama wale wa Antiokia walioachwa na viti vitupu. Mwenzi wako wa ndoa anaulipia. Anayefanya kazi chini yako anaulipia. Kwa hiyo mtu asilitumie neno neema kama mto wa kulalia.

Na hapo nimefika kwenye lile pingamizi ambalo halikosekani: mchungaji, ukihubiri neema sana watu watalegea. Hofu hiyo ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 5, pale Roma, mwalimu aliyeitwa Pelagius alichukizwa na Wakristo waliokuwa wakiishi ovyo, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Aliposikia sala ya Augustino, askofu wa Hippo, mji ulioko Aljeria ya leo, inayomwambia Mungu ampe kile anachomwagiza kisha amwagize lolote atakalo, alikasirika. Kwake sala hiyo ilikuwa kisingizio. Mungu ameagiza, basi mtu atii, nguvu anazo. Augustino alikuwa ameishi na tamaa zake vya kutosha kujua kwamba nguvu hizo hakuwa nazo. Baraza la Karthago la mwaka 418 liliyakataa mafundisho ya Pelagius, lakini mioyoni mwetu huyo mtu hajawahi kushindwa uchaguzi hata mmoja.

Paulo naye aliulizwa: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Na katika Tito 2 anasema neema ya Mungu "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia. Tupate kuishi kwa kiasi, na haki, na utauwa, katika ulimwengu huu wa sasa." Mwalimu anayefundisha kukataa ubaya ni nani hapo? Neema yenyewe. Hofu inaweza kukuzuia usishikwe. Haiwezi kukufanya uuchukie uovu ukiwa peke yako na mlango umefungwa.

Juhudi basi iko wapi? Iko pale pale, na ni nyingi. "Utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka," anasema kwa Wafilipi, na kabla hujavuta pumzi anaongeza kwamba ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Paulo mwenyewe alisema amefanya kazi kupita mitume wote, halafu akasema si yeye, ni neema ya Mungu pamoja naye. Mtu wa marejesho na mtu wa neema wanaweza kuamka saa kumi alfajiri wote wawili, wakapiga magoti sakafu moja. Mmoja ameenda kulipa, mwingine ameenda kuchukua. Kwa nje huwezi kuwatofautisha. Wape miaka kumi, utawatofautisha kwa jinsi wanavyoongea na watu.

Neno, sala, ushirika, meza ya Bwana, hayo mmeyafundishwa na sitayarudia. Niseme tu kwamba hayo ni mahali pa kupokea. Ukishiriki meza, mikono yako ni mitupu. Unapewa mkate, unapewa kikombe. Fanya na mengine yote kwa mikono ile ile. Wakolosai 2:6 inasema, "kama mlivyompokea Kristo Yesu, Bwana, enendeni vivyo hivyo katika yeye." Ulimpokeaje? Ulilipa nini?

Nimalizie na Mathayo 18, kisha nijibu swali nililoandikiwa kwenye karatasi.

Mtumwa anadaiwa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Pigeni hesabu: siku milioni 60 za kazi, yaani miaka zaidi ya 160,000 bila kupumzika hata Sabato. Wasikilizaji wa Yesu lazima walicheka. Mtu huyu anaanguka chini anasema nini? "Bwana, nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Hakuomba asamehewe. Aliomba muda. Bwana wake akampa kitu ambacho hakukiomba, akalifuta deni lote.

Akatoka nje, akamwona mwenzake anayemdai dinari 100, akamkaba koo. Zamani nilimwona huyu kuwa katili tu. Sasa namwona kama mtu ambaye hakusadiki. Alisikia kwamba deni limefutwa, lakini kichwani bado ana mpango wa kulipa, na mtu mwenye mpango wa kulipa lazima akusanye. Zile dinari 100 anazihitaji. Ndivyo anavyokuwa mkali mshirika anayejiona bado analipa. Anakusanya kwa mkewe, kwa watoto, kwa vijana wa kanisa waliokosea, kwa aliyerudi nyuma na sasa anataka kurudi kundini. Kila mtu anamkaba alete fungu lake. Ukiona kanisa linalohubiri neema na washirika wake wanakabana makoo, usiseme wanajua ila hawatendi. Kuna kitu mle ndani hawajakisadiki.

Haya, swali. Limeandikwa hivi: "Nitajuaje kama ninakua? Nina miaka mingi katika wokovu na ninajiona mwenye dhambi kuliko nilipoanza."

Aliyeandika, nakushukuru, na nakuomba usiogope. Paulo aliwaandikia Wakorintho, karibu na mwaka 55, kwamba yeye ni mdogo katika mitume. Kwa Waefeso anajiita mdogo kuliko yeye aliye mdogo wa watakatifu wote. Anapomwandikia Timotheo, anasema Kristo alikuja kuwaokoa wenye dhambi, "ambao wa kwanza wao ni mimi." Mtume huyu hakuwa anazidi kuharibika. Alikuwa anazidi kuona. Anayeingia chumbani na taa ndiye anayeona vumbi. Aliye gizani hudhani pamefagiliwa.

Lakini kuona peke yake hakutoshi, maana kuna watu hupenda kuzisimulia dhambi zao na hawana mpango wa kuziacha. Kwa hiyo mimi huangalia mambo mawili. La kwanza ni muda unaopita kati ya kuanguka na kutubu. Kama zamani ulikaa wiki nzima ukijisafisha kabla hujathubutu kuomba, na sasa unatubu kabla hujalala, umekua, hata kama anguko lenyewe linakuaibisha bado. Mtu anayetubu upesi dhambi haipati muda wa kujenga kwake, na baadaye hata kuanguka kwenyewe hupungua. Zile hoja 95 za mwaka 1517 za Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya kanisa, zinaanza hapo hapo, kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba. La pili, angalia walio karibu nawe wanapokukosea. Je, wanaweza kukufikia? Wakikosa, wanakuja kwako au wanakukimbia? Waulize wao. Usijijibu mwenyewe.

Na kama majibu si mazuri, tafadhali usitoke hapa na orodha ya marejesho mapya. Usiweke nadhiri ya mifungo kumi. Nenda kasome habari za msalaba, Luka 22 mpaka 24, usome kama mtu anayetafuta jina lake humo. Fanya hivyo tena kesho. Halafu nenda kaombe radhi kwa uliyemwacha mezani peke yake.

Tusimame tuombe. Kama kuna jambo la wiki hii ambalo umekuwa ukiliahirisha mpaka ujisikie uko sawa, lilete sasa hivi, hivyo hivyo lilivyo.